Volti Tano Zinazosomeka Moja na Nusu

Chini ya michoro mingi ya redio za zamani huchapwa mstari mdogo ambao mafundi wengi huupita bila kuusoma. Unasema kwamba volti zilizoandikwa kwenye mchoro zilipimwa kwa mita ya omu 20,000 kwa kila volti. Mstari huo ndio ulionitia mapenzi ya vifaa vya kupimia vya zamani, na kila ninapofungua mgongo wa mita iliyotupwa, au wa osiloskopu, kile kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye kioo, ninayemfikiria ni yule fundi aliyeona kwamba haitoshi kuandika alichosoma, akaandika na alichosomea.

Maana yake ni hii. Chukua umeme wa betri wa volti 10, upitishe kwenye rezista mbili za megaomu moja moja, zikifuatana. Katikati yake, kwa hesabu ya darasani, pana volti 5. Sasa weka hapo mita ya mshale ya omu 20,000 kwa volti, swichi ikiwa kwenye kipimo cha volti 10. Mita hiyo yenyewe ni rezista ya omu 200,000, nayo imejiunga sambamba na rezista ya chini, na sehemu ya umeme inapita ndani yake. Mshale utasimama kwenye volti 1.4 na ushee. Sogeza swichi kwenye 25, utasoma 2.5. Ipeleke kwenye 100, utasoma kama 4. Lete mita ya namba ya siku hizi, ambayo nyingi huwa na megaomu 10 ndani yake, itakuambia 4.76. Mita zote mbili ni nzima. Kila moja imesema kweli kuhusu sakiti ambayo nayo imekuwa sehemu yake.

Nimewaonyesha vijana wengi jaribio hili, na huwa naona nyuso zao zinavyobadilika mshale unapohama kila swichi inapohama, ilhali rezista na betri ni zile zile. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kujua kama mita inakula umeme wa unachokipima: badilisha kipimo, tazama kama jibu linabadilika.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, fundi mitambo wa simu aliyefanya kazi katika shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha akaendelea na shirika la hapa Tanzania hadi alipostaafu. Alirudi Tanga, akaweka meza barazani, akawa anatengeneza redio za watu. Juu ya meza ile palikuwa na mita ya mshale, Avo Model 8, nyeusi, nzito, yenye mkanda wake wa ngozi. Nilikuwa kijana na nilikuwa nimejinunulia mita ya namba, ya bei ndogo lakini mpya, nikaenda nayo likizo.

Siku hiyo tulikuwa na redio ya valvu mezani. Mchoro ulisema kwenye mguu mmoja wa valvu ya sauti pawe na volti 85. Mimi nilisoma 105.

"Mjomba, hapa imezidi. Mchoro unasema 85."

"Umepima na nini?"

"Na hii yangu."

"Basi mchoro hauzungumzi na hiyo yako, mpwa. Chukua Avo."

Nilichukua Avo, nikaiweka kwenye 100, mshale ukapanda ukasimama kwenye 85 kama ulivyoandikwa. Mjomba hakutabasamu wala hakunisifu. Alisema tu kwamba aliyechora mchoro alikuwa na mita ya namna hii mkononi, na anayetaka kuelewana naye sharti ashike aliyoshika yeye. Kisha akaniambia nisiguse valvu, kwa sababu nzima haitengenezwi.

Avo ina historia ya kupendeza. Mwaka 1923 Uingereza, mhandisi wa posta aitwaye Donald Macadie, aliyechoshwa na kubeba kifaa kimoja cha kupima ampea, kingine cha volti na kingine cha omu, alibuni kimoja chenye vyote vitatu, na herufi za mwanzo za vipimo hivyo ndizo zikawa jina. Model 8 ilitoka mwaka 1951, ikaendelea kutengenezwa kwa kurekebishwa kidogo kidogo mpaka 2008. Huku kwetu mtu aliyefanya kazi ya ufundi kwenye simu, reli au bandari zamani anaijua, na vyuoni wengi walianzia hapo. Leo fundi wa kibandani hutumia Sanwa ndogo ya mshale, ambayo nayo, kama Avo, ina omu zile zile 20,000 kwa volti. Kwa hiyo fundi wa Kariakoo mwenye Sanwa iliyofungwa kwa mpira anaweza kusoma mchoro wa mwaka 1960 sawasawa kuliko mhandisi mwenye mita ya dola mia tano. Hili hulisema kila ninapomsikia mtu akidharau mita ya mshale.

Tena mshale una jambo ambalo namba hazina. Ukiweka ncha za mita kwenye kapasita kubwa, mshale huruka, kisha hurudi taratibu. Kasi ya kuruka na namna ya kurudi inamweleza fundi mzoefu hali ya kapasita kabla hajaitoa. Namba hurukaruka tu, na inapotulia habari yenyewe imekwisha pita.

Mimi mchana nashughulika na makaratasi ya kutoa mizigo bandarini. Jioni na Jumapili ndipo navaa miwani ya pili na kukaa na vifaa vyangu. Navipata mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, kwa wauza vyuma chakavu, na mara nyingine kwenye minada ya stoo za taasisi zinazosafisha vitu vyake vya zamani. Wauza chakavu hupima kwa kilo, na macho yao yako kwenye transfoma, kwa sababu ya shaba. Siwalaumu hata kidogo. Yule mtu anayevunja osiloskopu kwa nyundo ili atoe nusu kilo ya shaba anatafuta chakula cha watoto, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile iliyobaki ina thamani kwa mtu. Wale ninaowafahamu sasa hunipigia simu. "Bosi, kimeingia kitu kina kioo kidogo, cha kijani. Niache nyundo?" Nawajibu waache nyundo, nami nalipa zaidi ya bei ya shaba.

Kupata kifaa ni mwanzo tu. Pwani ina njia zake za kuua vyombo. Chumvi ya hewani hula miguu ya swichi, unyevu huotesha ukungu ndani ya kioo cha mita, mende hutaga kwenye joto la transfoma, na nyigu hujenga nyumba ya udongo katikati ya waya za umeme mkubwa. Betri zilizosahauliwa ndani ndizo mbaya kuliko vyote. Na hapa kuna jambo la kuzingatia: betri za kale za zinki zikivuja hutoa uchafu wenye asidi, na husafishwa kwa maji yenye magadi kidogo; betri za alkalini hutoa uchafu wa kinyume chake, na huo huondolewa kwa siki au ndimu. Ukichanganya, unaongeza asidi juu ya asidi, au alkali juu ya alkali. Baada ya hapo ni maji safi, kisha spiriti, kisha jua la asubuhi.

Avo Model 8 inahitaji betri ya volti 15 kwa kipimo cha omu kubwa, na betri hiyo haipatikani madukani kwetu. Betri tano bapa za saa, za volti 3 kila moja, zikipangwa moja juu ya nyingine, hutimiza 15, na kwa kuwa mita huzitumia kidogo sana, zinakaa muda mrefu. Mshale ukikwama katikati ya safari, mara nyingi ni chembe ya chuma iliyonaswa na sumaku kwenye upenyo ambamo koili huzunguka. Haitolewi kwa upepo wala kwa brashi. Hutolewa kwa ukanda mwembamba wa karatasi wenye gundi, polepole, chini ya taa kali na lenzi, na mkono usiotetemeka. Na Avo isomwe ikiwa imelala mezani, ndivyo ilivyotengenezwa isomwe, na jicho liwe mahali ambapo mshale unaifunika taswira yake kwenye kile kioo chembamba kilichowekwa chini ya namba.

Sasa nieleze osiloskopu moja kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote kwa nini naipenda kazi hii. Ni Tektronix 465, osiloskopu ya megahezi 100 iliyotoka mwaka 1972. Kampuni hiyo ilianzishwa Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 1946, na mwaka uliofuata ilitoa osiloskopu yake ya 511, iliyoweza kulishika wimbi lianzie pale pale kila mara, likatulia kwenye kioo likapimwa. Ya kwangu ilikuja na vumbi la saruji na kioo kizima. Nilitafuta kitabu chake cha ufundi kabla sijaiwasha. Vitabu vile ni kazi ya watu waliomheshimu msomaji: kila sakiti imeelezwa inavyofanya kazi, kila volti imeandikwa, na kando ya mchoro zimewekwa picha za mawimbi unayopaswa kuyaona, pamoja na jinsi ya kupanga vitufe ili uyaone.

Niliiwasha kupitia taa ya wati 100 iliyoungwa mfululizo na waya wa umeme, ili ikiwa kuna shoti, taa ndiyo ibebe mzigo. Taa iliwaka kidogo ikafifia. Dalili njema. Lakini kioo kilibaki cheusi. Nikapima umeme wa ndani, mahali palipowekwa alama kwa kazi hiyo. Pale palipopaswa kuwa na volti 15 chanya palikuwa karibu na sifuri, na nyingine nazo hazikuwa zimesimama sawa.

Nikazima, nikasubiri, nikapima kwa omu kutoka kwenye njia ile ya volti 15 kwenda kwenye bodi, yaani mwili wa chuma wa kifaa. Karibu sifuri. Kuna kitu kimeunga njia hiyo na bodi moja kwa moja, lakini njia yenyewe imetapakaa nusu ya kifaa, na juu yake kuna kapasita nyingi ndogo za tantalamu. Ninavyojua mimi, tantalamu ya umri huo ikifa hufa kwa shoti. Wapo watakaozitoa zote na kuweka mpya. Mimi sitaki kugusa kapasita nzima ishirini kwa sababu ya moja mbovu. Kila unapochomelea juu ya kibao cha sakiti cha zamani unaweza kuinua njia ya shaba ambayo hairudi.

Basi nilileta umeme wa nje, volti isiyofika hata moja, na kuuwekea mpaka wa ampea moja, nikauingiza kwenye njia ile. Ampea ile yote itakwenda kwenye shoti kwa sababu ndiyo njia rahisi. Na popote inapopita, ukanda wa shaba, ingawa ni mwembamba na mfupi, hupoteza milivolti chache. Nikashika ncha moja ya mita bodini na nyingine nikaitembeza juu ya njia. Kila nilipokaribia, namba ilishuka. Nilipoingia kwenye tawi lisilo na mkondo, namba iliacha kubadilika, nikarudi. Ni kama kufuata mfereji kwenda chini hadi unapofika kwenye shimo linalomeza maji. Mahali palipokuwa na namba ndogo kuliko zote palikuwa na tantalamu ya rangi ya machungwa, isiyo na ufa, isiyo na doa la moshi, iliyong'aa kama nyingine zote. Nikainua mguu wake mmoja. Shoti ikaondoka.

Niliweka nyingine yenye uwezo wa volti 35, nikawasha. Baada ya muda kukaonekana mstari wa kijani katikati ya kioo, mwembamba, ulionyooka, na kitabu kikiwa wazi pembeni nikaanza kulinganisha volti moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa ndani ya mipaka iliyoandikwa nusu karne iliyopita. Swichi zake zina vibao vidogo vyenye dhahabu. Nilizisafisha kwa spiriti na kipande cha karatasi nyeupe, bila dawa ya mafuta, kwa sababu mafuta hukusanya vumbi na vumbi la Dar es Salaam lina chumvi.

Kuna vitu ambavyo navibadili bila kuuliza. Kapasita za karatasi za Rifa zilizowekwa kwenye mlango wa umeme wa vifaa vya miaka ya 1970 na 1980, zenye ganda angavu lililopasuka nyufa nyembamba, zimekunywa unyevu na siku moja zitatoa moshi wa kujaza nyumba. Hizo zitoke. Lakini ile tabia ya kubadili kila kapasita siku ya kwanza, kabla mtu hajapima hata volti moja, mimi naipinga kwa moyo wote. Kifaa kikipona hujui kilichokuwa kinakiuma, na kisipopona umeongeza maswali juu ya lile moja ulilokuwa nalo.

Waliovitengeneza walifikiria fundi wa kesho. Tektronix za valvu zina vibao vya kauri vyenye fedha, na risasi ya kawaida ya kuchomelea huiharibu fedha hiyo. Basi watengenezaji waliweka ndani ya kifaa roli ndogo ya risasi yenye fedha, imening'inizwa pale, kwa ajili ya mtu wasiyemjua atakayekuja kutengeneza miaka mingi baadaye. Kifaa cha kutengenezea mawimbi cha Hewlett-Packard, ambacho kilianza na 200A mwaka 1939 kutokana na kazi ya William Hewlett ya chuoni Stanford, kinatumia taa ndogo kutuliza ukubwa wa wimbi: wimbi likikua, waya wa taa hupata joto, ukinzani wake hupanda, na wimbi linarudishwa chini. Taa hiyo haiwaki ya kuonekana, ndiyo maana haiungui. Ninayo 200CD, mtoto wa ukoo huo, na bado inatoa wimbi safi kwa taa ile ile.

Swali la mjomba la kupima na nini lina mwisho wake, nami nilichelewa kuufikia. Ikiwa kila mita inachukua kitu kutoka kwenye kinachopimwa, ipo njia ya kupima bila kuchukua? Ipo, na kila aliyesoma fizikia kidato cha tano na sita ameigusa: ule waya wa urefu wa mita moja ulionyooshwa juu ya ubao, na galvanomita. Unasogeza ncha mpaka volti ya waya ilingane na volti ya betri unayoipima. Zikilingana hakuna umeme unaopita, na galvanomita inasimama sifuri. Wakati huo betri haitoi chochote, na ndipo unapoijua volti yake halisi.

Maabara kubwa za dunia zilifanya ugezi, yaani kuhakiki vifaa vya kupimia, kwa njia hiyo. Edward Weston alibuni seli ya zebaki na kadimi mwaka 1893, yenye volti 1.018, na kuanzia 1911 hadi 1990 ndiyo iliyokuwa msingi wa volti kimataifa. Lakini ukiiwekea Avo, kwa kule kuchota umeme tu, unaiharibu. Seli iliyoshika ukweli wa volti zote duniani haikuruhusiwa kuguswa ila kwa njia ya kulinganisha. Nilipolielewa hilo, sanduku la zamani la mbao lenye piga za shaba nililolinunua mnadani likawa kitu kipya machoni pangu. Ni potenshiomita ya maabara, ule ule waya wa mita moja uliokunjwa ndani ya sanduku. Nimeisafisha, nimezipitia piga zake moja moja, na sasa natumia seli ndogo ya kielektroniki ya volti thabiti badala ya seli ya Weston, maana zebaki na kadimi si vitu vya kuweka nyumbani penye watoto. Kwa sanduku hilo najua kila mita yangu inakosea kwa kiasi gani na upande gani, na nimebandika karatasi yenye namba hizo mgongoni mwa kila moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa vyuo, wahasibu wa stoo na wote wenye dhamana ya kuondosha vifaa vya zamani. Mnapopeleka kifaa mnadani, pelekeni na kitabu chake. Nimeona vitabu vya ufundi vya kurasa mia mbili vikichanwa kufungia karanga, na wiki hiyo hiyo nikaona mwili wa kifaa hicho kwa muuza chakavu. Kifaa bila kitabu naweza kukifufua kwa taabu. Kitabu kikishachanwa, ile volti 85 na mita iliyoipima vimepotea pamoja. Mwenye vitabu asiyejua pa kuvipeleka aulize mafundi redio wa mtaani kwake, au avipe maktaba ya chuo cha ufundi kilicho karibu, na aandike kwenye jalada jina la kifaa na namba ya toleo lake kwa kalamu isiyofutika.